Maziwa mabichi au ya pakiti: Jua tofauti

KATIKA miji ya Kisii, Nyamira na Keroka, familia nyingi hununua maziwa mabichi kutoka kwa wachuuzi wanaoyatoa mashambani. Ni ya bei nafuu na ni mazito. Wengi pia huamini kwamba maziwa ya pakiti yameondolewa nguvu. Imani hii si ya kweli, na inaweza kukuletea maradhi.

Maziwa mabichi ni yale yaliyokamuliwa na hayajapitia moto. Maziwa yaliyopasteurishwa yamepashwa moto kiwandani kwa kipimo: nyuzi 63 za sentigredi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha yakapozwa haraka. Jina hilo linatokana na Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa aliyetumia njia hiyo kuhifadhi divai katika miaka ya 1860.

Moto huo hauharibu protini wala madini ya kujenga mifupa. Hupunguza kidogo baadhi ya vitamini, kama vile vitamini C, ambayo tunaipata zaidi katika matunda na mboga. Kinachouawa ni viini vya kifua kikuu cha ng'ombe, vya kuhara, na vya bruselosi. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima na maziwa yake kuwa matamu, kumbe yamebeba viini hivyo.

Bruselosi huleta homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu, na maumivu ya mgongo na viungo. Mama mjamzito anaweza kupoteza mimba. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za malaria au homa ya matumbo, mgonjwa huweza kumeza dawa zisizofaa kwa majuma mengi. Ukiwa na homa isiyokoma, mweleze daktari kama umekunywa maziwa mabichi, ili ajue vipimo vya kuagiza. Tiba yake kwa kawaida ni dawa za aina mbili kwa muda wa majuma 6 au zaidi. Usiziache kwa sababu tu umepata nafuu.

Chai iliyotokota pamoja na maziwa haina hatari hiyo. Hatari iko katika kikombe anachopewa mtoto kabla maziwa hayajachemshwa, na katika amabere amaruranu yaliyotengenezwa kwa maziwa mabichi. Uchachu pekee hauui viini vyote. Chemsha kwanza, yapoe, ndipo uyatie kwenye kibuyu kisafi.

Si lazima umwache mchuuzi wako. Chemsha maziwa yake mpaka yatokote, uyafunike, na uyaweke mahali pa baridi. Lakini kumbuka kwamba kuchemsha hakuondoi mabaki ya dawa aliyodungwa ng'ombe. Muulize muuzaji kama mifugo yake iko katika matibabu.

Ya pakiti nayo yataharibika yakiachwa kwenye joto. Soma tarehe, na ununue yaliyowekwa kwenye friji, isipokuwa yale ya kudumu ambayo hayajafunguliwa.