Kutoka Uwanjani Hadi Benchi: Somo la Dawn Staley

Mwaka jana niliumia goti nikiichezea timu ya kikapu ya jumuiya yetu. Daktari akaniambia hakuna tena kuruka. Wenzangu wakaniomba niwe kocha. Kusema kweli, kwa umri wangu wa miaka 30 niliona nimestaafishwa kwa heshima, nikakataa. Baadaye nikasoma habari za Dawn Staley. Naona zina somo kwetu sote, hata asiyejua kudunda mpira.

Dada huyu alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1970, akakulia katika nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo. Kimo chake ni futi 5 na inchi 6 tu. Alichezea Chuo Kikuu cha Virginia kuanzia 1988 hadi 1992, kazi yake ikiwa kuongoza mashambulizi na kugawa mipira. Mara tatu timu yake ilifika nne bora za nchi nzima. Fainali ya 1991 walifungwa na Tennessee 70-67 katika muda wa nyongeza. Alichaguliwa mchezaji bora wa hatua hiyo, lakini ubingwa wa vyuo hakuupata hadi anamaliza masomo. Medali tatu za dhahabu za Olimpiki (1996, 2000 na 2004) hazikuziba pengo hilo.

Sasa tuangalie alivyohama.

Kwanza, hakungoja mwili uchoke. Mwaka 2000, ingawa hakuwa na ndoto ya ukocha, alikubali kufundisha Temple, chuo cha mji wake. Mcheza kwao hutuzwa. Wakati huohuo aliendelea kucheza ligi ya kulipwa, WNBA, mpaka 2006. Iliwezekanaje? Ligi ile huchezwa zaidi kiangazi, na vyuo hucheza majira ya baridi. Alipanga kalenda, jamani, hakufanya miujiza.

Pili, alihama na ujuzi wake. Mgawa mipira lazima ajue kila mwenzake anapenda kupokelea wapi. Hiyo tayari ni nusu ya ukocha.

Tatu, sifa za zamani hazifungi magoli. Alipohamia South Carolina mwaka 2008, msimu wa kwanza alishinda mechi 10 akapoteza 18. Pale watu wengi tungefunga mizigo. Yeye akabaki, akatafuta vijana wenye vipaji, akajenga polepole. Ubingwa ulikuja 2017, miaka tisa baadaye, kisha 2022 na 2024. Huo wa 2024 waliupata kwa kushinda mechi zote 38. Kombe alilolikosa akiwa mchezaji alilipata kwa mikono ya wanafunzi wake.

Hapo ndipo nilipoguswa. Sisi wahandisi tunapenda kushika spana wenyewe. Kumwelekeza mwingine aishike tunaona ni kazi ya waliochoka. Kumbe ni ufundi mwingine, na una uanafunzi wake.

Basi nimekubali. Mechi yetu ya kwanza tumefungwa kwa pointi 22, na nilipiga kelele kuliko nilivyofundisha. Jumamosi tuna mazoezi tena, nami nitaanza na pasi.

Nawe mwenzangu jiulize: ujuzi wako wa leo utamfaa nani siku goti lako likigoma? Na je, umeshaanza kumfundisha?