Haki ya Maiti Kutajwa kwa Kweli

Somo letu la leo lahusu haki moja ya maiti ambayo sisi watu wa pwani tumeiacha nyuma, nayo ni haki ya kutajwa kwa kweli. Haki nyengine twazijua na twazitimiza: kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika. Hizi ni fardhi kifaya, na alhamdulillahi mitaani mwetu watu wa kulichukua jeneza hawakosekani. Lakini zikisha siku tatu, mikeka ikakunjwa na vyombo vikarudishwa kwa wenyewe, ni nani aketiye akaandika kwamba yule aliyeondoka alisoma kwa nani, alifanya kazi gani, na alimfaa nani? Cheti cha kifo chaeleza jina, umri na sababu ya kufa, basi. Mjukuu atakayekifungua baada ya miaka hamsini hatapata humo khabari yoyote ya maisha ya babu yake.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu miaka ya maradhi ya korona. Mwezi wa Machi 2020 misikiti yetu ilifungwa. Mwezi wa Mei Mji wa Kale wa Mombasa ukazuiliwa, asitoke mtu wala asiingie. Mazishi yakawekewa mpaka wa watu 15. Na misikiti ilipofunguliwa mwezi wa Julai, sharti likawa asiingie aliyepita umri wa miaka 58. Yaani wazee wa safu ya mbele ndio waliobakia majumbani. Katika wazee hao wako waliofariki katika muda ule, wakazikwa na watu wachache, na hapakuwa na kikao cha kuwazungumza. Hatumlaumu mtu kwa hayo, kwani kujikinga na maradhi ni katika sharia. Walakini kitabu chetu sisi kilikuwa ni yale mazungumzo ya barazani baada ya kuzika. Hapo ndipo kijana alipokuwa akisikia kwamba mzee yule asiyemjua ila kwa bakora yake, ndiye aliyemlipia fulani nauli ya kwenda kusoma, au ndiye aliyepatanisha nyumba mbili zilizokatana kwa ajili ya kiwanja. Kwa wale waliofariki miaka ile, ukurasa huo haukuandikwa wala haukusemwa.

Hatusemi haya kutetea israfu ya matanga. Ilipofika Madina khabari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wameshughulika na msiba. Kwetu mambo yamepinduka, mfiwa ndiye mpishi na majirani ndio wageni. Twataka israfu iondoke na kikao kibaki.

Sasa tuitazame asili ya jambo lenyewe. Wamepokea Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra, kwamba palikuwa na mtu mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Mtu huyo akafariki, Masahaba wakamzika wala wasimpe Mtume khabari, kama kwamba waliliona jambo dogo. Mtume akamkosa, akamwulizia, na alipoambiwa akauliza mbona hawakumjulisha. Kisha akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia. Na katika upokezi huu liko jambo ambalo kila msomaji yampasa alizingatie. Mpokezi mwenyewe atia shaka, hasemi kwa yakini kama mfagizi huyo alikuwa mwanamume au mwanamke. Ni kwa njia nyengine ndipo twapata kwamba alikuwa mwanamke, na kwamba akiitwa Ummu Mihjan. Mtu aliyesaliwa kaburini na Mtume mwenyewe, na khabari zake zilikuwa karibu kupotea! Basi itakuwaje khabari ya mama aliyesomesha watoto juzuu ya Amma kibarazani mwake kwa miaka thalathini, katika mtaa usiokuwa na hata mmoja mwenye kalamu?

Waislamu wa zamani waliifahamu khatari hii. Ibn Saad, aliyefariki mwaka 230 wa Hijra (845), aliandika Tabaqat, kitabu cha tabaka za Masahaba na waliowafuata, na sehemu yake ya mwisho akaiweka kwa wanawake. Ibn Khallikan, kadhi wa Damascus aliyefariki mwaka 1282, alijiwekea sharti asiandike sana ila wale ambao tarekhe ya kufa kwao amepata kuijua. Na kwetu Afrika Mashariki, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1968, alikusanya khabari za wanavyuoni wa Kishafi, nani alisoma kwa nani na nani alimsomesha nani. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiingereza na kuchapwa Marekani mwaka 1989, na wageni wakafaidika nacho. Lau si yeye, wengi katika masheikh hao leo tungewajua kwa majina ya mitaa na misikiti tu.

Lakini mwanachuoni ana vitabu vyake na wanafunzi wake. Sheikh Ahmad Nabhany, mwana wa Lamu aliyefariki Mombasa mwaka 2017, ametuachia Sambo ya Kiwandeo, utungo unaoeleza jinsi majahazi ya Lamu yaundwavyo na kila kipande kiitwavyo. Twamshukuru na twamwombea. Ila maneno yale ya chombo yalikuwa vinywani mwa mafundi kabla hayajafika kitabuni, na mafundi hao ni watu waliokuwa na majina, wakaoa, wakazaa, wakasali safu moja na baba zetu. Ni hao tunaowataka katika somo hili, pamoja na mwadhini, mshonaji kanzu, mchimba kaburi, na mama mwosha maiti ambaye kila nyumba ilimhitaji siku moja.

Ama namna ya kuwataja, yataka uangalifu. Abdullahi bin Rawaha alipozimia katika ugonjwa, dada yake alilia akimpa sifa kubwa kubwa, akimfananisha na jabali. Alipozindukana alimwambia kwamba kila sifa aliyoitoa, yeye aliulizwa kama kweli ndivyo alivyo. Na siku alipokufa, dada yake huyo hakumlilia. Tazama risala zisomwazo siku hizi katika hitima: kila maiti alikuwa mcha Mungu asiye na mfano na kipenzi cha watu wote. Ukibadilisha jina, risala hiyo yafaa kwa maiti mwengine wiki ijayo. Kumwandika mtu hivi ni kama kutomwandika. Jeneza lilipopita watu wakalitaja kwa kheri, Mtume alisema kwamba Waislamu ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Na shahidi haulizwi anapenda nini, huulizwa ameona nini.

Na aibu zake je? Tumekatazwa kuwatukana maiti, kwani wamekwisha kufika kwenye yale waliyoyatanguliza. Kwa rai yetu, kosa lililo baina yake na Mola wake haliandikwi kabisa. Lakini haki za watu hazifichiki. Mtume aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari tatu wala hakuacha kitu, akakataa kumsalia yeye mwenyewe, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Kwa hivyo mwenye kwenda kuandika maisha ya marehemu na aulize pia anadaiwa nini, na kama urathi umegawanywa. Tumeona warithi wakitoa maelfu ya shilingi kwa hitima, na hali muuza duka wa pembeni angali anangoja pesa zake.

Wengine watasema, tujenge makaburi na tuandike juu yake. Mtume amekataza makaburi yasitiwe chokaa wala yasijengewe. Kaburi la Uthman bin Madhun aliliwekea jiwe ili alijue, na hilo latosha. Mahali pa maisha ya mtu ni karatasi.

Basi twataka kila mwenye kuhudhuria darasa aje na daftari moja. Tutaanza na waliozikwa mwaka 2020 na 2021, kwa kuwa hao ndio tuliowapunja zaidi, na wenzao waliowajua nao ni wazee. Ulizeni jina kamili na la utani, alizaliwa wapi, mama yake alikuwa nani, alisoma chuo gani, mshahara wake wa kwanza aliupata kwa kazi gani, na ni nani aliyemlilia asiyekuwa jamaa yake. Andikeni pia jina la aliyewapa khabari. Kabla ya kutoka nyumbani humo, wasomeeni watu wake yote mliyoyaandika, na walilolikataa lifuteni. Wanawake wataandikwa na wanawake wenzao, na twaona sehemu hiyo ndiyo itakayokuwa kubwa. Mwenye kumjua mama aliyekuwa akisomesha watoto wa kike nyumbani kwake asingoje kuitwa.