Dada, nianze na programu gani ya picha?

Wadogo zangu wa Iringa na Mbeya wenye kamera mpya shingoni, swali lenu limekuwa wimbo. Mmecheza upatu, mmeuza mahindi, mmemlilia mjomba, hatimaye kamera mmeipata, na sasa mnataka programu ya kuhariria. Wote mnaniuliza kwa namna ileile: "Dada, Photoshop au Lightroom?" Utadhani duniani ziko hizo mbili tu.

Kabla sijakujibu, nijibu wewe kwanza. Una mashine gani, na nani anakulipa?

Anayepiga paspoti kwenye kibanda pale Mwanjelwa, anayezunguka na sendofu na vipaimara vya Kihesa, na anayeota kuwauzia watalii picha za tembo wa Ruaha, hao ni watu watatu wenye kazi tatu. Mkiniuliza swali moja nikawapa jibu moja, wawili kati yenu nitakuwa nimewapotosha.

Tuanze na asiye na laptopu, maana ndio wengi na ndio mnaoona aibu bila sababu. Weka Snapseed kwenye simu. Ni ya Google, haidai hela, haina matangazo, wala haigongi mhuri wake kwenye picha ya mteja kama zinavyofanya zile za bure-bure mnazopenda. Ina brashi ya kung'arisha sehemu moja tu ya picha, ina kifaa cha kufuta chunusi na waya wa umeme uliokatiza angani, na inafungua picha ghafi (RAW) za aina ya DNG. Lightroom ya simu nayo ina upande wa bure unaotosha kurekebisha mwanga na rangi, ila ukitaka kufuta madoa au kushughulikia uso peke yake, itakudai malipo. Ukiwa na simu yenye nafasi na macho yanayoona, unaweza kufanya kazi ya kulipwa mwaka mzima bila laptopu. Tafadhali usiende kukopa tena. Deni la kamera likiisha ndipo tuongee.

Sasa mwenye laptopu. Naijua laptopu yenyewe: ya mtumba, RAM ya GB 4, betri inakaa chini ya saa moja, na LUKU ikiisha kazi imeisha. Kwenye mashine hiyo usipakie darktable, hata kama kijana wa YouTube ameisifia mpaka mate yamemkauka. Ni programu nzuri sana, ni ya bure, lakini inataka mashine yenye nguvu, na kwako kila ukivuta kitu utasubiri mpaka chai ipoe. Jaribu kwanza programu inayotolewa bure na kampuni iliyotengeneza kamera yako. Mwenye Canon ana Digital Photo Professional, mwenye Nikon ana NX Studio, mwenye Sony ana Imaging Edge. Unaingia kwenye tovuti ya kampuni na kuipakua, wakati mwingine wanakuomba namba ya kamera. Zinafungua picha ghafi za kamera yako na kuzipa rangi zilezile ulizoziona kwenye kioo cha nyuma siku ya kupiga. Nashangaa wauzaji wengi hawawaambii jambo hili, na mnatoka dukani mkiamini bila kulipia kitu cha Marekani hamwezi kuanza.

Wa paspoti, wewe hata hiyo inakuzidi. Kazi yako ni kukata, kusawazisha rangi ya nyuma na kupanga kwenye karatasi. Photopea inakutosha. Unaifungua kwenye kivinjari kama tovuti yoyote, na sura yake inafanana na Photoshop kiasi kwamba aliyejifunza moja hapotei kwenye nyingine. Uzuri wake ni kwamba picha haipandi mtandaoni. Inafanyiwa kazi ndani ya mashine yako, kwa hiyo bando linaliwa kidogo tu wakati wa kufungua ukurasa. Picha za milimita 35 kwa 45 ukizilaza zinaingia 8 kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6. Tengeneza mpangilio huo mara moja, uhifadhi, kila mteja anayekuja unabadilisha sura tu. Na kwenye paspoti usiguse sura ya mtu. Kovu lake liache, maana afisa atakayeishika picha ile anataka kuona kovu.

Sasa wewe wa sendofu na harusi, hapa nitakaa kidogo. Programu za picha ziko za namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowachosha. Kuna za kupepeta na kuna za kuchambua, kama tunavyofanya na mchele wa Kyela: gunia zima huwezi kulichambua punje kwa punje, unapepeta kwanza, halafu kilichobaki kwenye ungo ndicho unachoinamia kutoa mawe. Lightroom, darktable, RawTherapee na zile za kampuni za kamera ni za kupepeta. Unaingiza picha zote za shughuli, unachagua, unarekebisha moja, unazipa nyingine 40 za ukumbi uleule marekebisho yaleyale. Na picha yako halisi haiguswi. Programu inaandika pembeni tu kwamba hapa ongeza mwanga, hapa punguza njano, ili kesho ukijuta unarudi mwanzo. Photoshop, GIMP na Photopea ni za kuchambua. Hizo ni za picha moja unayotaka kuikalia: bibi harusi ni mzuri, keki ni nzuri, ila nyuma yao kuna mtu anatafuna paja la kuku na inabidi aondoke.

Kwa hiyo anayeniambia amehariri picha zote za sendofu kwa Photoshop, moja moja, usiku kucha, simsifu kwa bidii. Chukua ya kupepeta iwe ndiyo nyumbani kwako, na ya kuchambua uite ikihitajika. Kwa bure kabisa, RawTherapee pamoja na GIMP zinafanya ndoa hiyo, na GIMP yenyewe ukiipa picha ghafi huwa inaikabidhi kwanza kwa RawTherapee au darktable. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka 2025 limetoka toleo la 3, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba ni kitu cha kubahatisha. Ipo pia Affinity, ambayo miaka yote ilikuwa ya kununua. Canva waliinunua kampuni yake mwaka 2024, na mwishoni mwa 2025 wakaifanya ya bure kwa mwenye akaunti yao. Kama mashine yako inaimudu, ijaribu.

"Lakini dada, Lightroom ya fundi wangu ni ya bure, aliniwekea kwa flashi."

Hiyo si ya bure mdogo wangu, hiyo ni kraki. Na nitakwambia ukweli bila kukuhubiria sana. Programu zilizovunjwa kufuli ni njia mojawapo kuu ya kupitishia virusi, na kuna virusi vinavyofunga mafaili yote na kukudai hela ndipo vikufungulie. Laptopu yako ina harusi ya binti wa watu ambayo hairudiwi. Utaiambia nini kamati? Halafu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayoilinda programu ya kompyuta ndiyo hiyohiyo inayoilinda picha yako. Mnalalamika, na mna haki ya kulalamika, kwamba hoteli imechukua picha yako ya Kitulo ikaiweka kwenye bango bila hata ahsante. Basi tusiwe na sheria ya kutulinda sisi tu.

Ukiona sasa kazi zinaingia na Lightroom unaitaka kweli, ilipie, ila soma unacholipia. Adobe, wanaoitengeneza, walianza kuiacha njia ya kununua moja kwa moja walipohamia kwenye malipo ya kila mwezi mwaka 2013. Lightroom 6 ya mwaka 2015 ndiyo ilikuwa Lightroom ya mwisho kuuzwa ikawa yako. Kuna mkataba unaoonekana wa mwezi kumbe ni wa mwaka mzima unaolipwa kidogo kidogo, na ukiuvunja katikati unatozwa. Mwezi Juni 2024 serikali ya Marekani iliwafungulia kesi Adobe kwa madai kwamba faini hiyo ilifichwa. Malipo ni ya dola, hivyo shilingi ikiteleza bei yako inapanda bila wao kuigusa. Msimu wetu wa shughuli mnaujua: baada ya mavuno hela ipo, kwaresima na masika ukumbi umenyamaza. Piga hesabu ya miezi iliyonyamaza, siyo ya Agosti.

Sasa tuje kwenye kinachonikera, na hapa programu yoyote uliyochagua haikuokoi. Mnawafanya watu weupe.

Naangalia picha za sendofu, mama mkwe niliyemwona ukumbini mweusi wa kung'aa, kwenye picha amekuwa rangi ya chapati. Wengine mnafanya kwa makusudi, wengine filta ndiyo inawafanyia, maana vitufe vingi vya kurembesha ngozi kazi yake ya kwanza ni kuififisha. Tatizo lenyewe ni la zamani kuliko simu. Enzi za filamu za rangi, maabara zilipimia mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zikiitwa kadi za Shirley. Rangi yake ikikaa sawa, ndiyo imekaa sawa kwa dunia yote. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, ameandika kwamba Kodak walianza kuboresha filamu zao kwa rangi za giza baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zionekane vizuri. Chokoleti ilisikilizwa! Google walikuja kuitangaza kamera inayotunza ngozi nyeusi kwenye simu zao za Pixel 6 mwaka 2021, juzi tu hapo.

Kwa hiyo unapojaribu programu, usiijaribu kwa picha ya ua. Chukua picha ya bibi yako, kama ni mweusi hasa, amekaa barazani amevaa kitenge cha rangi kali, uone programu inamfanyaje. Kwenye nyingi kuna sehemu ya kurekebisha rangi moja moja. Ngozi zetu zimekaa kwenye ile ya chungwa. Ukiipandisha mwangaza, mtu anakuwa mkavu kama amepakwa majivu. Iache ilipo. Pandisha vivuli kidogo, acha ule mng'ao wa paji la uso na mashavu uwepo, kwa sababu ngozi nyeusi umbo lake linachorwa na mng'ao. Gauni jeupe likiungua, lishushe peke yake. Usivute picha nzima.

Na kuna mambo ya huku kwetu ambayo mwalimu wa Lagos au Los Angeles hatakufundisha. Ukipiga mtu kwenye mashamba ya chai ya Mufindi au chini ya migomba ya Rungwe, majani yanamrushia kijani usoni, na chini ya kidevu ndiko kunakoonekana zaidi. Vuta rangi kidogo kuelekea zambarau, usoni tu, chai yenyewe ibaki kijani. Iringa udongo mwekundu unafanya hivyohivyo kwa wekundu, hasa mchana jua likiwa utosini. Asubuhi za Juni na Julai Mbeya mwanga una ubaridi wa bluu. Ongeza joto la rangi, lakini usiongeze mpaka mtu aonekane yuko Kyela.

Halafu ukungu. Kuna kitelezi cha kuondoa ukungu kwenye picha, Adobe walikileta mwaka 2015 na sasa programu nyingi zina cha kwao. Mtu anaamka alfajiri, anapanda njia ya Uyole kwenda Tukuyu, anakuta ukungu umelala kwenye miti, anapiga picha, anarudi nyumbani anavuta kitelezi mpaka mwisho. Ulikwenda kufanya nini huko? Kwenye vumbi la Ruaha kinaweza kukusaidia kidogo, tembo akiwa mbali. Kwenye ukungu wa Rungwe kiache.

Mengine ya haraka. Kabla ya kuhariri, chagua. Picha 800 za sendofu zikiwa ghafi, kila moja kama MB 25, ni GB 20. Hakuna mteja anayetaka zote. Weka nakala mbili sehemu mbili tofauti kabla ya kufuta memori kadi. Kioo cha laptopu punguza mwanga unapohariri, la sivyo picha zikienda kusafishwa zitatoka za giza. Safisha moja ya 4 kwa 6 uipeleke nje kwenye jua uiangalie ndipo uagize albamu nzima. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, kwa sababu ikienda kama picha inabanwa, halafu lawama ni zako.

Na jina lako, najua unataka lionekane. Liweke pembeni, dogo, au kwenye jina la faili. Kulipitisha katikati ya kifua cha bibi harusi kwa maandishi ya dhahabu, hapana.