Kipimo cha Mto Kinaponyamaza

Kipimo cha kina cha maji katika mto kama Tana hutuma taarifa kwa mtandao wa simu, kwa mfano kila dakika 15. Kengele ikiwekewa maji kupanda pekee, kipimo kikisombwa na mafuriko haitalia. Kompyuta itabaki na tarakimu ya mwisho, na kimya kitadhaniwa usalama.

Ndiyo maana huwekwa kengele ya pili, ya kukosekana kwa taarifa. Zikikosekana tatu mfululizo, yaani dakika 45, fundi wa zamu hupigiwa simu. Moja haitoshi, kwani mtandao hukatika na kengele za bure hupuuzwa. Baadaye kifaa huzimwa makusudi kuhakikisha simu inaita.

Mkazi akiona kipimo kimeanguka, amjulishe chifu mara moja.