Kuhakiki Mchezo wa Kuchekesha: Mlinzi na Weita

Katika somo la Kiswahili twafundishwa kuhakiki mashairi, riwaya na tamthilia. Lakini michezo tunayoitazama zaidi ni ile ya kuchekesha katika televisheni, na hiyo hatuihakiki. Tukiulizwa mchezo ulikuwaje, twajibu, "Ulichekesha," basi, yamekwisha.

Katika makala haya nataka kuonyesha namna ya kwenda mbele ya jibu hilo. Nimechagua michezo miwili inayohusu watu wanaowatumikia wengine: mmoja wa Kenya, habari za mlinzi, na mmoja wa Marekani, habari za weita wa karamu. Jambo hili latugusa sisi wa Kilosa. Mikumi imo katika wilaya yetu, na tangu Hifadhi ya Taifa ilipoanzishwa mwaka 1964, wageni wanaokuja kutazama wanyama wamewapa kazi wengi wa ndugu zetu: wapishi, weita, watandika vitanda na walinzi.

Mchezo wa kwanza waitwa Papa Shirandula. Ulianza kuonyeshwa Citizen TV mwaka 2007, ukaendelea mpaka 2020, mwaka aliofariki Charles Bukeko, aliyekuwa akiigiza mhusika mkuu. Shirandula ni mlinzi, lakini amemficha mkewe, Wilbroda, kazi yake. Hutoka nyumbani amevaa kama mtu wa ofisini, kisha huvaa sare ya ulinzi akifika kazini. Vituko vingi vyatokana na siri hiyo. Watu waliupenda mchezo huu kwa miaka kumi na mitatu, na jina la Shirandula likawa maarufu hata nje ya Kenya.

Mchezo wa pili ni Party Down, ulioonyeshwa mwaka 2009 na 2010. Weita wachache wa mji wa Los Angeles huvaa tai ndogo za rangi ya waridi na kupeleka vyakula na vinywaji katika karamu za watu wengine; kila sehemu ya mchezo ina karamu yake. Wengi wao walitaka kuwa waigizaji au waandishi, nao waihesabu kazi hii kuwa ya kupitisha siku tu. Kiongozi wao, Ron, peke yake ndiye anayeiheshimu, na ndoto yake ni kuwa na mkahawa wa supu.

Hapa pana jambo la kujifunza. Wahakiki waliusifu mchezo huu, na Taasisi ya Filamu ya Marekani iliutia katika orodha yake ya vipindi kumi bora vya televisheni vya mwaka 2009. Lakini watazamaji walikuwa wachache mno, hata ukakatishwa baada ya sehemu ishirini. Baadaye watu waliendelea kuutafuta na kuusimulia, na mwaka 2023 ukarudishwa kwa sehemu sita. Kwa hiyo wingi wa watazamaji ni kipimo kimoja, na hukumu ya wahakiki ni kipimo kingine. Mhakiki hasemi mchezo ni mzuri kwa kuwa umependwa, wala hasemi ni mbaya kwa kuwa haukupendwa. Yampasa kutoa sababu zake.

Basi mimi napendekeza maswali matatu.

La kwanza: Anachekwa nani, na kwa kosa gani? Kicheko hakikosi mtu wa kuchekwa. Mtumishi asiyechekwa kamwe hutufanya tusikilize hotuba badala ya kutazama mchezo. Lakini tazameni: Shirandula hachekwi kwa sababu analinda mlango. Anachekwa kwa sababu ya uwongo wake, na uwongo huo umetokana na haya. Katika Party Down mara nyingi wanaochekwa ni wenye karamu, ambao huwaona weita kama viti. Na weita wenyewe huchekwa kwa majivuno yao.

La pili: Je, kazi yenyewe imeonyeshwa kwa kweli? Mwandishi asiyeijua kazi ya weita humfanya amwage supu, basi. Anayeijua humwonyesha akitabasamu mbele ya mgeni mwenye kiburi huku miguu yawaka moto. Hapo kicheko kina mizizi.

La tatu: Kicheko kikiisha, kimebaki nini? Nikimaliza kumcheka Shirandula, hujiuliza ni nani aliyemfundisha kuionea haya kazi inayomlisha.

Kuhakiki ni pamoja na kutaja dosari. Katika Papa Shirandula vicheko vingine vyatoka katika lafudhi za makabila, na hicho ni kicheko rahisi. Mtu hakuchagua lugha ya mama yake. Party Down nao una matusi mengi, na haufai kutazamwa na watoto.

Sasa turudi kwetu. Mgeni anayetaka kuwaona simba mapema huingia hifadhini saa kumi na mbili asubuhi. Ili anywe chai kabla ya hapo, weita lazima awe ameamka saa kumi au kumi na moja. Atabeba sahani tatu kwa mkono mmoja, atakumbuka ni nani asiyekula nyama, naye atajibu kwa lugha ambayo si yake. Ni kazi ya akili na ya mwili. Hata hivyo, wako wanafunzi wanaojaza fomu za shule na kuandika "mfanyabiashara" mahali pa kazi ya mzazi, na hali mama huosha vyombo hotelini. Huyo ni Shirandula mdogo. Na wenzake wanaomcheka kwa ajili ya kazi ya mamaye wamekwisha kumwandalia uwongo huo. Wazazi nanyi, msiwafiche watoto mnakotoka na jasho. Waelezeni kazi zenu.

MAZOEZI

1. Chagua mchezo mmoja wa kuchekesha ulioutazama au kuusikia redioni. Ujibu kwa maswali matatu yaliyotajwa juu, kila jibu na mfano wake.

2. "Mchezo uliopendwa na wengi ndio mchezo bora." Jadili.

3. Mwulize mtu mmoja anayefanya kazi ya kuhudumia wengine, Kilosa au Mikumi, akueleze siku yake tangu alfajiri mpaka usiku. Kisha andika mchezo mfupi wa kuchekesha ambao yeye mwenyewe, akiutazama, atacheka pamoja nawe. Mwombe ruhusa, na ubadilishe jina lake.