Mwanga na Kivuli Katika Bustani ya Gethsemane



Wengi wetu twaijua ile picha ya Bwana Yesu akisali Gethsemane. Twaiona kwenye kalenda au ukutani: amepiga magoti, mikono ameifumbata juu ya jiwe kubwa, uso ameuinua. Aliyeichora ni Mjerumani, Heinrich Hofmann. Picha yenyewe iko New York, Marekani, katika kanisa la Riverside. Zilizotufikia sisi ni nakala, na nyingine zimekwisha kuwa nyeusi kwa moshi wa koroboi. Leo tujifunze kuitazama.

Tuanze na mwanga. Unashuka kutoka juu na kuangukia uso wa Bwana. Petro, Yakobo na Yohana wako mbali nyuma yake, kivulini, hata ni vigumu kuwatambua. Ni rahisi kudhani kwamba mwanga ni wa wema na kivuli ni cha waovu. Sivyo. Waliolala kivulini ni rafiki zake, na Mtakatifu Luka asema walilala kwa huzuni. Wenye taa usiku ule walikuwa wale waliokuja kumkamata: katika Yohana 18 walifika na taa na mienge, pamoja na silaha. Nasi watu wa delta twajua kwamba mwenye kushika karabai mtumbwini huonekana na wote, lakini yeye mwenyewe haoni mbali kupita mikoko iliyo karibu.

Jambo moja katika picha hii halituridhishi. Uso umetulia mno. Hofmann amemfuata Luka, ambaye peke yake asema Bwana alipiga magoti. Marko asema alianguka chini. Mathayo asema alianguka kifudifudi. Tena Marko haoni haya kusema kwamba alishikwa na fadhaa kubwa. Uso wa mtu aliyeanguka kifudifudi hauangaziwi na kitu, uko mavumbini. Kutoka hapo ndipo aliomba kikombe kimwondokee, akarudia kuomba, na kikombe hakikuondolewa.

Kwetu sisi wa Kibiti hili si jambo la picha tu. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa risasi katika wilaya yetu. Siku ile ilikuwa Alhamisi Kuu, usiku wa Gethsemane wenyewe. Katika miezi ile waliuawa pia viongozi wa vijiji, majirani zetu, na watu wakawa wakifunga milango mapema. Aliyesali wakati ule huku anatetemeka hakusali vibaya. Wako wanaofundisha kwamba hofu ni upungufu wa imani. Na wamsome Marko tena, polepole.

Yuko pia mchoraji wa kwetu aliyeichora Gethsemane. Ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, aliyesoma Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha tano kubwa katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya: kuzaliwa kwa Bwana, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulibiwa. Watu wake ni Waafrika, na nchi ni ya huko huko. Kanisa lile lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Basi waliokuja kusali mbele ya Gethsemane ile walikuwa na wafu wao wenyewe wa kuwakumbuka, na twadhani hawakuhitaji kuelezwa sana maana ya kikombe.

Alhamisi Kuu ijayo, wenye picha ya Hofmann nyumbani waiweke karibu na taa, nao wasome Marko 14:32-42 pamoja na watoto. Watafuteni kwanza wale watatu kivulini, ndipo mumtazame Bwana. Wasio na picha wasome tu. Marko hakutaja mwanga wowote.