Pampu ya Mafuta ya Umeme: Tuifunge Wapi Kwenye Gari la Zamani?



Somo la safari hii ni la vikundi vilivyo na pikapu ya zamani ya kubebea ndizi, mahindi au maziwa. Tutachukua mfano wa Peugeot 504, kwa sababu gari hili liliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi na wengi wetu tulilipanda likiwa matatu, tumebanwa kama viazi kwenye gunia. Ni gari gumu. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na kaka yake, 404, alikuwa ameshinda mara nne kabla ya hapo. Lakini hata mzee mwenye nguvu huchoka, na siku moja fundi atamwambia mweka hazina: "Pampu imekufa, leteni pesa ya ile ya umeme." Hapo ni vizuri wanachama wote waelewe kazi inayofanywa, si dereva peke yake.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mwulizeni fundi kama ameangalia vitu vya bei rahisi. Je, filta imeziba? Mpira wa mafuta umepasuka? Kifuniko cha tangi kinapumua? Gari likizima, fungua kifuniko hicho. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu na baadaye gari likaendelea vizuri, shida ni kifuniko, wala si pampu.

Sasa tuone pampu inavyofanya kazi. Ile ya zamani imefungwa ubavuni mwa injini na ina mkono unaosukumwa na injini yenyewe. Kazi yake ni kuvuta petroli kutoka tangi lililo nyuma hadi mbele. Petroli ikivutwa kupitia paipu yenye joto hugeuka mvuke upesi, na pampu haiwezi kuvuta mvuke vizuri. Mafundi husema gari "limeshika hewa", ingawa kwa kweli ni mvuke wa petroli yenyewe. Sisi huku mlimani tuna shida zaidi. Embu na Meru ziko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na presha ya hewa ni pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko Mombasa. Kama vile maji yanavyochemka mapema mlimani, ndivyo na petroli.

Fikiria barabara ya Embu kwenda Meru: unashuka mto Thuci, unapita Chuka, unashuka tena Nithi, halafu Mutonga. Kila mto una mpando wake. Gari limejaa, linapanda polepole, upepo haupiti kwa injini, na hapo katikati ya mpando linazima. Nyuma kuna lori. Hii si shida ya kuchelewa sokoni tu.

Ndiyo maana mahali pa kufunga pampu ya umeme ni jambo kubwa kuliko pampu yenyewe. Mafundi wengine huifunga chini ya boneti kwa sababu waya ni mfupi na kazi inaisha haraka. Hapo bado inavuta kutoka mbali, tena imekaa kwenye joto. Mmenunua pampu mpya na shida ni ile ile ya zamani! Pampu nyingi za umeme zimetengenezwa kusukuma, si kuvuta. Kwa hivyo mahali pake ni nyuma, karibu na tangi, kimo sawa na chini ya tangi au chini yake kidogo, ili petroli iifikie yenyewe kama maji ya mfereji wa shamba. Petroli iliyosukumwa ndani ya paipu haigeuki mvuke kwa urahisi. (Ziko pampu chache za zamani, kama ile ya Morris Minor, zilizotengenezwa kukaa mbele. Someni karatasi iliyokuja na pampu yenu.)

Ifungwe upande wa ndani wa chesisi, isiwe kitu cha chini kabisa cha gari, maana mawe yetu hayana huruma. Isikae mahali gurudumu linatupa matope. Isikae karibu na paipu ya moshi. Isikae nyuma ya tangi, ambapo gari likigongwa itapondwa, na kamwe isikae ndani na abiria. Chini yake muweke mpira, la sivyo mtasikia ikinguruma njia nzima. Mshale ulio juu yake uelekee injini. Filta iwe kati ya tangi na pampu, kwa sababu tangi la miaka 40 lina kutu.

Mkienda Kirinyaga Road, Nairobi, au duka la spea hapa kwetu, msinunue pampu yoyote tu. Tairi hujazwa presha ya pauni 30 hivi. Kabureta inataka pauni 3 au 4. Pampu ya gari la kisasa lisilo na kabureta husukuma kwa nguvu ya tairi na zaidi. Ukiifunga kwa 504 petroli itafurika juu ya injini ya moto.

Pampu ya zamani itolewe, na tundu lake lifungwe kwa bamba na gasketi. Ikiachwa njiani, ngozi ya mpira iliyo ndani yake inaweza kupasuka, na petroli itaingia kwenye oili. Mkipima oili na kuona imeongezeka, au inanuka petroli, msiwashe gari.

Sasa jambo ambalo naona linapuuzwa kabisa. Pampu ya zamani ilikuwa inasimama injini ikisimama. Ya umeme haijui injini imesimama. Gari likipinduka na ufunguo uko wazi, itaendelea kumwaga petroli juu ya watu walionaswa. Kwa hiyo waya wake upitie fyuzi na rilei, na pia swichi ya presha ya oili, ambayo hukata umeme injini inapozima. Iko pia swichi inayojikata gari likigongwa. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na pampu. Fundi akisema "hiyo si lazima", tafuteni mwingine.

Siku ya kazi, betri ifunguliwe kwanza, sigara na jiko viwe mbali, na mchanga uwe karibu. Kazi ikiisha, injini ingurume dakika kumi huku mkikagua kila klipu. Na ile tabia ya kuweka jeri kani ya petroli mbele na mpira hadi kwa kabureta "mpaka tufike" ikatazwe kwa kuandikwa katika sheria za kikundi.

Maswali ya kujadili mkutanoni: Pampu ya gari letu iko wapi, na ni nani kati yetu ameiona kwa macho? Nani huamua fundi wa kutumia? Gari letu likipinduka leo, ni kitu gani kitakachozima pampu?